Nani alikufundisha Kiswahili? (Uzi wa elimu ya uraia, kuanzia mlimani Athens)

kahawa_chungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni kwetu jamaa mmoja, msomi wa kutosha tu, alisema: "Watu wetu hawana elimu ya uraia. Wapewe elimu kwanza, kura baadaye." Vichwa vikatikiswa. Hata muuza kahawa, ambaye ndiye hasa aliyekuwa anasemwa, naye akatikisa huku anasuuza vikombe. Nimerudi nyumbani na hayo maneno yakanikaa, ndiyo maana nashusha huu uzi. Ni mrefu, asiyependa kusoma atangulie salama.

Kwanza tuelewane kwamba hoja ya yule jamaa si mpya. Ina miaka zaidi ya 2,400, na aliyeitoa vizuri kuliko wote ni Socrates, mwanafalsafa wa Athens, Ugiriki ya kale.

Mwanafunzi wake Plato ameandika mazungumzo kati ya Socrates na mwalimu mmoja mgeni, Protagoras, aliyefika Athens kufundisha vijana kwa malipo. Protagoras alijinadi kwamba anamfundisha mtu kuwa raia mwema na kuendesha mambo ya mji. Socrates akamjibu (nasema kwa maneno yangu): mimi sidhani kama hicho kitu kinafundishika. Mkutano wetu wa wananchi ukitaka kujenga meli unaita mafundi wa meli. Akisimama asiye fundi kutoa ushauri, hata awe tajiri, hata awe mtoto wa nani, anazomewa mpaka akae chini mwenyewe au askari wamtoe. Lakini likija suala la kuendesha mji anasimama seremala, mhunzi, fundi viatu, mchuuzi, mwenye meli, tajiri na maskini, na hakuna anayemuuliza: wewe hayo umesomea wapi?

Swali zito hilo. Protagoras hakulikwepa. Alianza na hadithi. Zamani watu waliishi wametawanyika, wanyama wakawa wanawamaliza. Wakikusanyika mjini wanadhulumiana, wanatawanyika tena. Zeus, mkuu wa miungu ya Kigiriki, akaona hawa watakwisha, akamtuma mjumbe wake Hermes awapelekee vitu viwili: haya na haki. (Neno la Kigiriki lililotumika pale linawasumbua sana wafasiri wa lugha nyingine, wanazunguka nalo weee. Sisi tunalo moja tu linalokaa sawa: haya, ile ya "huyu mtu hana haya".) Hermes akauliza, nigawe kama utabibu ulivyogawiwa, tabibu mmoja anatosha wengi, au nimpe kila mtu? Zeus akasema mpe kila mtu, maana mji hausimami ikiwa wachache tu ndio wanavyo.

Sasa ndipo linapokuja jambo lililonifanya nifungue uzi. Protagoras anasema pamoja na hayo, uraia unafundishwa, ila mwalimu wake haonekani kwa sababu wote ni walimu. Mama anafundisha, yaya, baba, jirani, sheria za mji zenyewe. Ukimtafuta mwalimu mmoja wa uraia, anasema, ni kama kutafuta nani aliyewafundisha Wagiriki Kigiriki.

Hebu jiulize wewe hapo. Nani alikufundisha Kiswahili? Usiseme mwalimu wa darasa la kwanza. Ulifika kwake tayari unabishana na kusema uongo kwa Kiswahili safi. Hukuambiwa "soma sarufi miaka saba, halafu tutakuruhusu kuongea". Uliachwa uongee vibaya mbele za watu, wakacheka, wakakurekebisha, ukaendelea.

Nakuja na vitendo sasa hivi, nashika kikombe kwanza.

---

mvuvi_wa_nchi_kavu

Nimeweka mkeka. Tiririka mkuu.

---

kahawa_chungu

Naendelea.

Athens walilifanyaje hilo? Walikuwa na Baraza la watu 500, ndilo linaloandaa ajenda za mkutano mkuu wa pale mlimani Pnyx. Wajumbe walipatikana kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, umri kuanzia miaka 30, na mtu haruhusiwi kukaa humo zaidi ya mara mbili maisha yake yote. Kila kabila lilishika zamu sehemu moja ya kumi ya mwaka. Na humo ndani ya zamu, kila siku mmoja wao alipigiwa bahati nasibu awe mwenyekiti, usiku na mchana mmoja tu, na hairudiwi tena. Huyo ndiye aliyeshika funguo za hazina na muhuri wa mji.

Fanya hesabu. Ni zaidi ya watu 350 kila mwaka wanaoamka asubuhi wakiwa na funguo za hazina ya taifa mkononi, kesho yake wanarudi kukamua zeituni. Katika mtaa wako lazima kuna mzee aliyewahi. Ukimpelekea porojo za siasa anakwambia, kijana, mimi nimekaa pale, haiendi hivyo.

Na Socrates naye alilipata darasa lenyewe. Kuna mahali pengine Plato anamwonyesha Socrates akikiri, bila hata kuulizwa, kwamba mwaka uliopita jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu, zamu ya kabila lake ikafika, ikampasa yeye kuwapigisha kura wananchi, na watu wakamcheka kwa sababu hakujua inavyofanywa. Mtu tunayeambiwa ndiye mwenye hekima kuliko wote Ugiriki, ameshindwa kuendesha kura! Mimi hiyo picha naipenda kuliko zile za kifo chake, akinywa sumu aliyohukumiwa. Fundi viatu aliyekaa Barazani muhula mmoja alikuwa anajua kitu ambacho Socrates hakijui.

Na msidhani watu walikimbilia mikutano kwa uzalendo. Mwandishi mmoja wa vichekesho wa enzi zile anataja kamba iliyochovywa rangi nyekundu, inayovutwa kuwasukuma wananchi wanaopiga soga sokoni waende mkutanoni. Watu wanakimbia wasichafuke nguo. Baadaye, miaka ya 390 kabla ya Kristo, wakaanza kulipwa kwa kuhudhuria, sarafu ndogo ya oboli moja, kisha mbili, kisha tatu. Waamuzi wa mahakamani walishaanza kulipwa zamani tangu enzi za kiongozi wao Pericles. Kwa hiyo posho ya kikao si uvumbuzi wetu, tuache kujisifu.

---

fundi_cherehani

Mleta uzi umeandika vizuri ila unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wanawake walikuwa wapi mlimani hapo? Watumwa je? Wageni waliozaliwa hapohapo Athens, wanalipa kodi, hawana kauli? Hao "wote" wa Zeus ni wanaume wachache waliozaliwa na wenyeji.

Na la pili. Hao waliosomeshwa uraia kwa vitendo si ndio walewale waliowaua majemadari wao wenyewe? Mwaka 406 kabla ya Kristo. Wameshinda vita baharini Arginusae, dhoruba ikazuia kuokoa mabaharia waliozama, basi wananchi wakapandwa na hasira wakawahukumu majemadari wote kwa kura moja, kinyume cha utaratibu wao wenyewe. Sita wakauawa. Elimu gani hiyo?

---

kahawa_chungu

Fundi, la kwanza sina la kubisha. Tena lina ubaya zaidi ya unavyosema, kwa sababu mchana wa kukaa mlimani ulinunuliwa na mtu mwingine aliyebaki shambani au mgodini. Naongeza tu kwamba hoja ya Protagoras yenyewe haina mahali pa kusimamisha huo mpaka. Ukishasema haya na haki ni za kila mtu, na mama ndiye mwalimu wa kwanza wa uraia, huwezi tena kumweleza huyo mama kwa nini yeye abaki nyumbani. Walikuwa na hoja kubwa kuliko mji wao.

La pili umenishika pabaya. Na umesahau kitu kitamu: siku ile ya majemadari, zamu ya uenyekiti ilikuwa ya kabila la Socrates, na yeye akiwemo. Wenzake wakatishwa wakanywea. Yeye akakataa kupeleka kura isiyo halali. Haikusaidia, wale watu walikufa.

Shule ya vitendo ina ada, na pale ada ilikuwa shingo za watu sita. Sitajaribu kupamba. Ila tazama kilichofuata. Wananchi walijuta, wakataka washtakiwe waliowapotosha. Na ilipofika mwaka 403, baada ya kuporwa madaraka na wachache na kuyarudisha, mji uleule ukajiwekea kanuni kwamba sheria ziko juu ya maazimio ya mkutano, na kubadili sheria kuwe na utaratibu mrefu, mbele ya jopo la raia walioapishwa. Kwa maneno mengine, walijifunga mikono wenyewe kwa kamba waliyoisokota wenyewe. Hilo hawakufundishwa na mtu darasani.

Wale wachache nao, wale Thelathini waliopora madaraka mwaka 404, walikuwa wasomi. Kiongozi wao Critias alikuwa mmoja wa waliokaa miguuni kwa Socrates. Waliua watu wengi mno kwa muda wa miezi minane hivi. Naliweka hili kwa ajili ya yule jamaa wa kijiweni.

---

mvuvi_wa_nchi_kavu

Hapo kwenye Critias umemaliza. Ila twende mbele, hayo ya Wagiriki ni ya kale mno. Nani mwingine aliyebeba hii hoja?

---

kahawa_chungu

Narukia karne ya 19, katikati nawaachia wengine.

Alexis de Tocqueville, Mfaransa, alizunguka Marekani miezi tisa mwaka 1831 hadi 1832. Moja ya vilivyomshangaza ni juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kutoka makwao wakae mahakamani waamue kesi ya mwenzao. Ndugu yake wa mbali kwetu ni mzee wa baraza. Tocqueville anasema hana hakika kama juri inawafaa wenye kesi, ila ana hakika inawafaa mno wanaoamua. Anaiita shule ya bure isiyofungwa mlango. Mtu aliyelazimika siku tatu kusikiliza pande mbili kabla ya kusema "ana hatia" harudi nyumbani vilevile.

John Stuart Mill wa Uingereza akaipokea hoja hiyo. Mwaka 1861 anaandika kwamba mabaraza na mahakama za Athens zilimnyanyua akili raia wa kawaida kupita umma mwingine wowote wa kale au wa enzi yake, na anataka watu wapewe kazi za umma, hata vyeo vidogo vya parokia, ili wajifunze kupima jambo lisilo lao binafsi. Unasoma unapiga makofi.

Halafu unafungua kurasa za mbele za kitabu hichohicho, unakuta Mill anataka asiyejua kusoma, kuandika na hesabu za kawaida asipige kura. Aende mbele ya msajili, anakili sentensi ya Kiingereza, afanye hesabu moja, ndipo aandikishwe. Na wasomi wapewe kura zaidi ya moja. Mzee! Si umesema sasa hivi kazi ndiyo inayofundisha? Nimelisoma mara kadhaa nikitafuta pa kumtetea. Yeye anaona serikali ina wajibu wa kuwafundisha wote kusoma kwanza, na mlango uwe wazi kwa kila atakayefaulu. Nia njema. Shida ni msajili.

Msajili akishakuwa na karatasi ya mtihani mkononi, ndiye anayeamua nani ni raia. Angalia kusini mwa Marekani. South Carolina ya miaka ya 1950, mtu mweusi akitaka kujiandikisha alitakiwa asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani mzungu, na karani ndiye aliyesema umesoma au hukusoma.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye mada hii.

Johns Island, kisiwa karibu na mji wa Charleston. Kuna bwana anaitwa Esau Jenkins, ana basi, anapeleka wafanyakazi mjini kila asubuhi. Mama mmoja abiria akamwambia, nikipata wa kunifundisha nitajiandikisha kupiga kura. Jenkins akaanza kufundisha katiba ndani ya basi, njiani. Abiria wanakariri kifungu huku magurudumu yanazunguka. Lakini kukariri si kusoma, na watu walitaka kusoma.

Mwaka 1956 mwalimu Septima Clark alikuwa amefukuzwa kazi huko Charleston baada ya miaka karibu 40 ya kufundisha, kosa lake uanachama wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Yeye na Jenkins, kwa msaada wa chuo cha Highlander cha Tennessee, wakafungua darasa Januari 1957. Mahali: chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mbele sukari na unga, ili mpita njia aone duka tu. Mwalimu wakamchagua Bernice Robinson, msusi wa nywele. Akakataa, mimi sijawahi kufundisha. Wakamwambia ndiyo maana tunakutaka wewe: hutawadharau.

Siku ya kwanza alikuja na vitabu vya watoto wa shule ya msingi, akaona mara moja kwamba ni kuwavunjia heshima watu wazima. Akaviweka kando, akawauliza: nyie mnataka kujua nini? Wakamwambia. Kuandika majina yetu. Kusoma Biblia. Kujaza fomu ya kuagiza vitu na hawala ya fedha. Na kusoma kile kifungu cha katiba. Akaanzia hapo. Ukutani akabandika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akawaambia kabla hatujamaliza nataka kila mmoja wenu aweze kulisoma.

Madarasa yakasambaa majimbo ya kusini yote. Mwaka 1961 yakahamia kwenye jumuiya ya Martin Luther King. Mwaka 1965 sheria ya haki za kupiga kura ikasimamisha ule mtihani wa karani.

Sasa linganisha. Karani na msusi wote wawili walikuwa na katiba ileile mkononi, kifungu kilekile.

---

bibi_shamba

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Huwa nasoma tu siandiki, leo nimechokozwa.

Mimi ni wa enzi za *Mtu ni Afya*, ile kampeni ya afya ya redio hapa Tanzania, 1973. Mama yangu alikuwa kiongozi wa kikundi. Redio moja ya betri, tunakaa chini ya mwembe, kipindi kinasikilizwa, kikiisha mama anasoma kitabu, halafu watu wanajadili. Mbu, safura, kichocho. Wiki 12. Baada ya mjadala hatuendi kulala, tunashika majembe: choo cha nani hakijachimbwa, dimbwi la nani halijafukiwa. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikuwa kwenye vikundi hivyo. Baba alichimba choo chetu kwa sababu ya aibu tu, mke wake ndiye kiongozi.

Kabla yake, mwaka 1970, kulikuwa na *Uchaguzi ni Wako*, nayo kwa redio na vikundi. Hiyo naikumbuka kidogo, maana hapakuwa na cha kushika jembe. Tulifundishwa jinsi ya kuweka alama.

---

fundi_cherehani

Shikamoo bibi. Hapo umesema kitu mleta uzi amezunguka maili 20 kukisema. Mliambiwa mjadili choo kwa sababu choo mlikuwa na mamlaka nacho.

---

kahawa_chungu

Shikamoo bibi yetu. Fundi, nakubali nimezunguka.

Ila tusizionee sana chaguzi za chama kimoja. Mwaka 1965 hata redio za vikundi hazijaja, wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja jembe mwingine nyumba, wanazungushwa pamoja kwenye mikutano ileile. Watu wengi hawakujua kusoma, alama zilitosha. Na wakamwangusha waziri wa fedha, Paul Bomani, kwake Mwanza. Hawakupewa uwanja mpana, lakini ule mdogo waliopewa waliutumia mpaka kwenye kona.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, aliwahi kubishana na watu waliotaka nchi iachiwe wataalamu. Akasema fundi viatu anajua kutengeneza, lakini anayejua kiatu kinabana wapi ni aliyekivaa. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye ilimchukua kitabu kizima kulisema, mwaka 1927.

---

bibi_shamba

Basi niwape kunguni wa kwetu, maana mnapenda vya mbali.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Unaitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa. Kwetu ulikuwa unaitishwa kwa filimbi, tunakuja wazee kumi na watano na mbwa. Mtendaji anasoma haraka kama anayefukuzwa, sisi "tumepokea", tunaondoka.

Mwaka juzi alisoma "saruji, mifuko 40, ukarabati wa zahanati". Jirani yangu, mama mjane, hajamaliza la nne, akanyoosha mkono. Akasema: mimi mwaka ule nilijenga chumba kimoja na varanda, nilitumia mifuko 32, nimeihesabu kwa kuwa nililipa kwa kuku. Zahanati imepigwa plasta ukuta mmoja. Naomba nielezwe ule ukuta ni mnene kiasi gani.

Kimya. Mtu akacheka, halafu wote. Mtendaji akasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Mama akasema sawa, basi tuletee risiti tuwaonyeshe mafundi wapo hapa watatu. Akawaita kwa majina, wakasimama.

---

mvuvi_wa_nchi_kavu

😂😂 "Ukuta ni mnene kiasi gani." Bibi, risiti zililetwa?

---

bibi_shamba

Kikao kilichofuata kiliahirishwa mara mbili. Cha tatu zilikuja, ya mifuko 25. Ya 15 iliyobaki wanasema inatafutwa.

Ila siku hiyo filimbi haijapigwa watu walikuwa wameshajaa mpaka chini ya mnazi wa pili. Vijana wamekuja na daftari. Yule mama amekaa mbele, pembeni yake fundi mmoja kati ya wale watatu na futi yake ya kupimia mfukoni.

---

kahawa_chungu

Bibi naomba ruhusa huu ujumbe wako niende nao kijiweni kesho asubuhi. Nitamsomea yule msomi, lakini kwanza nitamsomea muuza kahawa.